Dowa na Dzaleka: Wageni na Ardhi Katika Wilaya ya Wakulima

Msafiri atokaye Lilongwe kwa barabara kuu iendayo kaskazini hupita kwanza Kanengo, penye minada ya tumbaku, kisha Lumbadzi, karibu na uwanja mkubwa wa ndege uliofunguliwa mwaka 1983. Baada ya hapo nyumba za mjini huisha na mashamba huanza. Akiendelea atafika kwenye njia panda ya Dowa, na akishika mkono wa kulia atakuwa katika njia iendayo Dowa Boma, makao makuu ya wilaya. Kabla ya kufika huko, yapata kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ataona nyumba nyingi za matofali ya udongo zimesongamana kama mji, ingawa si mji. Akiteremka na kusimama sokoni atasikia Kiswahili. Mahali hapo ni Dzaleka.

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuifuata lugha yetu pwani na visiwani, au katika njia za misafara zilizokwenda Tabora na Ujiji. Ni mara chache tumeitafuta kusini, kati ya Wachewa, katika nchi ya mahindi na tumbaku. Katika makala haya tutajaribu kueleza wilaya ya Dowa ilivyo, na jinsi Kiswahili kilivyoingia humo mara mbili. Dai letu ni moja tu, nalo ni hili: Dowa ni wilaya iliyojengwa na watu waliohamia. Kila kundi lililohamia lilipata sehemu ya udongo wake, ama kwa ukarimu wa wenyeji, ama kwa mkuki. Hawa wa mwisho, wasemao Kiswahili, ndio wa kwanza kukaa humo zaidi ya miaka 30 bila haki ya shamba.

Nchi yenyewe ina sura mbili. Upande wa magharibi ni sehemu ya uwanda mpana ulioenea kutoka Lilongwe hadi Kasungu, mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, wenye udongo mzuri na miinuko midogo. Huko ndiko iliko Mponela, mji wa biashara ulio kando ya barabara kuu, na Madisi mbele yake. Upande wa mashariki nchi hupanda vilima, kisha huteremka kuelekea Salima, katika Bonde la Ufa na ziwa ambalo Wamalawi huliita Malawi na wengine wetu twaliita Nyasa. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili. Mkulima aliyekosa mvua hiyo hana masika ya pili ya kumwokoa.

Kwa sababu hiyo Wachewa wa uwandani hulithamini sana bonde lenye unyevu, waliitalo dambo. Mvua zikiisha, na mashamba ya juu yakikauka, familia huteremka bondeni na kulima vishamba vya mboga, nyanya na mahindi mabichi. Vishamba hivyo huitwa dimba. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanaujua ukulima huu kwa jina la vinyungu. Mashamba ya juu ni ya mahindi kwanza, kisha karanga, maharagwe, viazi vitamu, na kwa wenye nguvu, tumbaku. Mahindi yakivunwa, Aprili na Mei, huwekwa katika ghala la kusukwa liitwalo nkhokwe. Miezi migumu ni Januari na Februari, nkhokwe zikiwa tupu na mahindi mapya yangali mabichi. Wakati huo wasio na chakula huenda kulima mashamba ya wenzao kwa ujira wa fedha au wa unga, na kazi hiyo huitwa ganyu. Neno hilo msomaji alikumbuke, maana tutakutana nalo tena.

Wachewa huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi yao, mwanamume aoapo huenda kukaa kijijini kwa mkewe, na shamba alimalo ni la ukoo wa mke. Basi hata kabla ya kuja kwa kabila jingine lolote, karibu kila kijiji cha Dowa kilikuwa na wageni ndani yake, yaani waume wenyewe! Mgeni wa mbali alikwenda kwa mfumu, ambaye ni mkuu wa kijiji, akaomba mahali, akaonyeshwa.

Nao Wachewa hawadai kwamba walichipuka hapo Dowa. Mapokeo yao yana hadithi mbili ambazo, kwa mawazo yetu, hazigombani. Moja husema kwamba watu wa kwanza na wanyama waliteremka katika jiwe la Kaphirintiwa, katika milima ya Dzalanyama iliyo kusini-magharibi ya Lilongwe. Ya pili husema kwamba wazee wa ukoo wa Phiri walitoka Uluba, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Samuel Josia Ntara, mwalimu na mwandishi wa Kichewa, aliyakusanya mapokeo ya namna hii katika kitabu chake juu ya historia ya Wachewa, wakati ambapo wasomi wachache sana walijali kuwauliza wazee. Tutaona baadaye kwa nini safari hii ya kutoka Kongo inafaa kukumbukwa.

Baada ya Wachewa walikuja Wangoni. Wasomaji wa Tanzania wanaijua sehemu ya habari hii: jeshi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likapanda kaskazini hadi Ufipa, na mfalme huyo alipofariki huko jeshi likagawanyika. Baadhi yao wakaenda Songea. Wengine wakarudi kusini, na mmoja wa wakuu wao, Chiwere, akakaa katika nchi ya Dowa. Hawa hawakuomba ardhi, waliichukua. Hata hivyo walioa wanawake wa nchi, na wajukuu wao wakasema Kichewa. Ni jambo la kutafakari kwamba mkuki uliweza kuchukua ng'ombe na mashamba, lakini lugha ya akina mama ikaushinda.

Wakati huohuo, upande wa ziwa, Kiswahili kilikuwa kimeingia kwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, alifika Nkhotakota, akajenga mji na kuanzisha utawala wa ma-Jumbe waliojihesabu kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. David Livingstone alifika huko mwaka 1861, na tena mwaka 1863. Mji ulistawi kwa pembe za ndovu na kwa watu. Haifai sisi walimu wa Kiswahili kulifunika jambo hili: watu wa uwandani walitekwa, wakateremshwa ziwani, wakavushwa kwa majahazi na kupelekwa Kilwa. Lugha tunayoifundisha ndiyo iliyotumika kuwahesabu. Utawala wa Jumbe ulikwisha katika miaka ya 1890, Waingereza walipoitwaa nchi. Uislamu umebaki Nkhotakota hadi leo, na Dowa yalibaki maneno. Hata sasa mgeni akifika mlangoni kwa Mchewa husema "Odi!", naye mwenyeji hujibu "Odini!" Na makao makuu ya kila wilaya ya Malawi huitwa boma, na serikali yenyewe huitwa boma.

Wamisionari wa Kanisa la Kiholanzi la Afrika ya Kusini walifungua kituo chao cha kwanza Mvera, katika nchi ya Chiwere, mwaka 1889. Wao pia walipewa mahali. Kutoka hapo ilienea elimu ya kusoma na kuandika katika sehemu kubwa ya Malawi ya kati.

Ukoloni tutaupita haraka, maana kwa mkulima wa Dowa mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baada ya uhuru wa mwaka 1964. Dr. Hastings Kamuzu Banda, mzaliwa wa wilaya jirani ya Kasungu, aliihamisha serikali kutoka Zomba hadi Lilongwe mwaka 1975. Lilongwe, iliyokuwa boma dogo penye mto wa jina hilo, ikawa mji mkuu, na mashamba ya Dowa yakajikuta jirani wa wizara na mabalozi. Tumbaku ndiyo iliyoilisha serikali. Lakini kwa muda mrefu mkulima mdogo hakuruhusiwa kulima tumbaku ile ya bali yenye bei. Ilikuwa haki ya mashamba makubwa, na mwenye jembe lake alilima humo kama mpangaji. Katazo hilo lililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo tusidhani kwamba ni wakimbizi peke yao waliowahi kuambiwa katika wilaya hii nini wasilime.

Mwaka 1968 serikali hiyohiyo iliamua kwamba Kinyanja kiitwe Kichewa na kiwe lugha ya taifa. Na katika miaka hiyohiyo ilijenga Dzaleka.

Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina hili bila kusimama. Mlingano wa sauti kati ya Kichewa na Kiswahili uko wazi kabisa: penye dz yao pana j yetu. Madzi ni maji, dzina ni jina, dzino ni jino, dzuwa ni jua. Tena l iliyo kati ya irabu, wao wameihifadhi na sisi aghalabu tumeipoteza: mvula ni mvua, njala ni njaa. Hivyo Dzalanyama, tuliyoitaja juu, ni mahali palipojaa wanyama. Katika Dzaleka, dza ni ile ya kuja, na leka ni kuacha. Maana yake ni kama kumwambia mtu, "utakuja kuacha", na watu huifasiri kwamba ni kiapo cha mfungwa: sitarudia tena. Kwa maana Dzaleka ilikuwa jela. Humo walitiwa watu waliodhaniwa kuwa wapinzani wa Rais, bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, na wengine walitiwa kwa ajili ya dini yao tu, kama Mashahidi wa Yehova waliokataa kununua kadi ya chama. Yawezekana hakuna jina la mahali katika Malawi lililoogopwa zaidi ya hilo, isipokuwa labda Mikuyu.

Sasa tufike mwaka 1994. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimekwisha kwa mkataba wa Oktoba 1992, na wakimbizi wa Msumbiji, ambao idadi yao katika Malawi ilikuwa imepita milioni moja, walikuwa wakirudi kwao. Hao wengi wao walikaa karibu na mpaka, kati ya watu wa lugha moja nao. Mwezi Aprili mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Mwezi Mei Wamalawi walipiga kura, na utawala wa Dr. Banda ukaisha. Katika mwaka huohuo majengo na ardhi ya jela ya Dzaleka vilitolewa kuwa makazi ya wakimbizi, chini ya serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Walikuja Wanyarwanda, Warundi, na baada ya vita vya mwaka 1996 na 1998, Wakongo wa Kivu na Katanga, ambao sasa ndio walio wengi. Walikuja pia Wahabeshi na Wasomali. Mrundi na Mnyarwanda walipolisikia jina la mahali, nusu yake waliielewa bila mkalimani: kwao kuacha ni kureka.

Mahali palipokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 pana watu zaidi ya 50,000. Mitaa yake imepewa majina ya Malawi, kama Kawale na Likuni, ambazo ni sehemu za jiji la Lilongwe. Na shule ya msingi iliyo maarufu huitwa Umodzi Katubza, umodzi ukiwa ndio umoja wetu.

Wengi wa watu hao walizaliwa wakulima. Mtu wa Uvira, wa Fizi au wa Ruyigi anaujua udongo kama anavyoujua Mchewa. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, vikiwamo vya kutembea huru, kufanya kazi ya mshahara, kumiliki mali na kupata uraia. Tuseme haki: nchi ni ndogo. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya watu milioni 17 na nusu, na kati yao zaidi ya 770,000 ni wa Dowa peke yake. Shamba la familia aghalabu halizidi hekta moja, na hugawanywa kila watoto waoapo. Mfumu wa leo hana pori la kumwonyesha mgeni. Hata hivyo matokeo ni kwamba watu wa jembe wamekalishwa wakingoja mgao wa chakula, nao mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Basi wengine hutoka asubuhi kwenda vijijini kulima ganyu, kwa ujira uleule wa Mchewa mwenye njaa, na Januari hukutana naye katika foleni moja. Wengine hukodi kishamba kwa mwaka, kwa mapatano ya mdomo. Mavuno yakiwa mazuri, mwaka unaofuata mwenye shamba huweza kulitaka.

Shamba likikosekana, hubaki soko. Soko la Dzaleka limekuwa mojawapo ya masoko makubwa ya wilaya. Wanawake wa vijiji vya jirani huleta nyanya za dimba, maharagwe, kuni na mkaa. Samaki wadogo waitwao usipa hupandishwa kutoka ziwani, na Mrundi huwaita indagara, Mkongo ndakala, na sisi dagaa. Wakimbizi nao wana cherehani, vinyozi, maduka ya simu, na vitenge.

Siku moja tulisimama hapo tukisikiliza mama mmoja wa Kichewa akiuza unga wa mahindi. Aliita "Ufa! Ufa!" kwa lugha yake. Akaja mama wa Kikongo aliyekuwa na mtoto mgongoni:

"Mama, bunga ni ngapi?"

"Bunga, amayi, ni bei ya jana," akajibu mwenye mali, kwa Kiswahili, bila kusita.

Sisi wenye diploma tulikuwa tumejiandaa kusahihisha: si ufa, si bunga, ni unga, ufa ni ule mwanya wa ukutani, na Bonde la Ufa si bonde la kupikia ugali. Tulinyamaza. Wale wawili walikwisha kuelewana, na kisahani cha kupimia kilikwisha kujaa.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiyaandika maneno ambayo pande mbili hizi zimepeana. Yale ya bei, vipimo, nguo, simu na vyakula vilivyopikwa ni mengi. Mtoto wa Dzaleka husema kwacha na nsima katikati ya Kiswahili chake, na muuzaji wa kijijini husema sombe na lengalenga. Lakini maneno ya shambani hayakuvuka. Hatukumsikia mkimbizi kijana akitaja khasu kwa jembe, wala nkhokwe, wala majina ya nyasi na ya udongo ambayo mtoto wa Kichewa wa miaka kumi anayajua. Wangoni walijifunza maneno hayo ndani ya kizazi kimoja au viwili, kwa kuwa walilima. Lugha zimekutana hapa mahali watu waliporuhusiwa kukutana, nako ni sokoni.

Wengine walikwenda kufanya biashara Lilongwe, na kwa miaka mingi waliachwa. Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi Dzaleka kabla ya katikati ya Aprili, ikitaja usalama wa nchi. Wafanyabiashara wenyeji nao walikuwa wamelalamika juu ya ushindani. Mwezi Mei ulifanyika msako. Maduka yalifungwa, na mamia ya watu, wakiwamo watoto, walishikwa na kurudishwa makazini, ambako wengi hawakuwa na nyumba tena. Watoto waliokuwa wakisoma shule za mjini waliacha masomo katikati ya muhula. Wakulima wa vijiji vya jirani walipata wanunuzi zaidi, lakini wanunuzi hao hawakuwa na fedha.

Mwezi Julai wa mwaka huohuo, Rais wa Tanzania, Samia Suluhu Hassan, alikuwa mgeni katika sherehe za uhuru wa Malawi, na Rais wa Malawi wa wakati huo, Lazarus Chakwera, akatangaza nia ya kufundisha Kiswahili katika shule za nchi yake. Nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa zimekwisha kukifanya lugha yao rasmi ya nne mwaka 2019. Habari hizo zilitufurahisha sana. Lakini tulipowasikia wenzetu wakiuliza walimu watatoka wapi, na kutaja Dar es Salaam na Zanzibar, tulishangaa kidogo kwamba hakuna aliyetaja mahali palipo kilomita 45 kutoka wizarani. Kiswahili chao kina batu kwa watu na bunga kwa unga. Hilo ni la kufundishika. Wengi wao wanajua pia Kichewa, jambo ambalo mwalimu wa kutoka pwani atahitaji miaka kulipata.

Tangu mwaka 2014 hufanyika Dzaleka tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume, aliyekuwa mkimbizi hapo. Kwa kawaida huwa Novemba. Maelfu hutoka Lilongwe na vijijini kuja kusikiliza muziki na kutazama ngoma, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi kama wageni wao. Ni majuma yaleyale ambayo mkulima wa Dowa hutazama mawingu. Matuta yamekwisha kupandishwa, mbegu iko ndani, na mvua ya kwanza ikinyesha usiku, alfajiri uwanja mzima huwa na watu wameinama. Ukisimama juu ya mwinuko ulio nyuma ya jela ya zamani utawaona vizuri, mpaka pale mashamba yanapokoma na nyumba za Dzaleka zinapoanza. Na mbele ya nyumba hizo, katika nafasi isiyozidi upana wa mkeka, utaona mtu amechimba mashimo matano au sita, ametia mahindi.